Kugonga Tangi

Maji hurudi Tabata Kimanga Jumatano, saa nane usiku.
Bomba hukohoa kwanza, likatema kutu,
nasi tunaamka gizani: madumu, ndoo, sufuria la pilau,
hata beseni la kuogeshea mtoto.

Siku nyingine zote tunaishi kwa tangi,
jeusi, la lita elfu mbili, juu ya zege lenye ufa.
Kujua limebaki kiasi gani, hatufungui mfuniko.
Unagonga kwa kifundo cha kidole,
unaanzia juu, unashuka:
ngoo, ngoo, ngoo,
halafu ndu.
Hapo ndipo maji yalipo.

Kamusi inanipa bwawa, lambo, birika, hazina.
Bibi Semeni aliwahi kuniongezea moja la Kizaramo,
akalitamka mara moja, akacheka.
Sikuliandika.

Sasa ananiita Kibwana, jina la marehemu kaka yake.
Wageni wakiaga husema, “Mna hazina humu ndani.”
Hazina gani isiyo na koki?
Hufunguka ikitaka: mdeni wa Gerezani, shilingi tatu,
rangi ya mlango wake,
kisha upepo mtupu ndani ya bomba.

Jana nilimgonga kwa maswali, nikianzia juu.
Leo siku gani, Bibi? Ngoo.
Umekula nini? Ngoo.
Mimi nani?
Ngoo.
Nikashuka, nikashuka.
Mama yako alikuitaje, ulipokuwa mdogo?

Ndu.

Nikakurupuka kutafuta kalamu, ndoo,
chochote cha kukingia.