Kima

Leo nasaga kima.
Kilo mbili za nyama, kitunguu, bizari nzima;
kesho ndiyo futari ya kwanza hapa Ibri
na sambusa hazijikunji zenyewe.
Mashine hii ina sauti kunishinda.

Sebuleni televisheni nayo yazungumzia kima.
Si hiki. Kile cha chini, cha mshahara.
Wao husema *hadd*. Mwaka wa kwanza nilidhani ni hadi yetu,
nikawa nangoja wamalizie: hadi lini, hadi wapi?
Sasa Kiarabu kimeniingia kwa mlango wa jikoni.
Maana yake ni mpaka. Chini ya hapa mtu asishuke.

Qays, kijana wa nyumba, asikiliza hajavua viatu.
Ni mlinzi wa duka kubwa karibu na mzunguko,
mshahara wake ni hichohicho kima, hata baisa haikuzidi.
"Kwa pesa hii nitaoa lini, mama?"
Bi Zuweina ajifuta macho kwa ncha ya mtandio.
Nami, naapa, nilimwonea huruma:
mashati yake nayapiga pasi mimi,
kola zilizolika nimezigeuza mimi.

Mimi nalipwa tisini.
Bi Zuweina huzitoa kwenye pensheni ya marehemu,
huzihesabu mara mbili, ya pili kwa sauti.

Usiku, kwenye pipa la taka, ndipo bunge letu.
Biju wa bustani: sabini, na chumba cha watu wanane.
Maricel wa lango la kijani: mia na sitini,
maana kwao, asema, serikali ilimwandikia bei
kabla hajapanda ndege.
Wakanigeukia. Na kwenu?
Kwetu,
kwetu niliandikiwa kombe, nikalinywa.

Muheza kima ni mwingine kabisa.
Yule ana mkia. Hushuka msituni mahindi yakiwa mabichi,
huvunja bunzi, huuma mara moja, hutupa, hushika jingine.
Mama humfukuza kwa kupiga debe.
Juzi kaniambia kwenye simu: mwaka huu wamemaliza shamba,
tuma kidogo, Mwantumu, walau ya unga.

Nimetuma sitini. Kumi na tano za wakala, bado miezi minne.
Zilizobaki ni vocha, pedi, na dawa ya mgongo.
Hesabu hiyo niliiandika kwa kidole
juu ya unga wa ngano,
kisha nikatia maji, nikaikanda.

Bi Zuweina achungulia. "Onja, chumvi vipi?"
Bakuli la juu ni la wageni, siligusi.
Nakwangua kima cha chini, kile kilichogandia sufuria,
naweka ulimini.

"Imetosha," nasema.
Adhani nasemea chumvi.