Kilomita Saba

Magari yote niliyoyaendesha maishani
yalikuwa na wenyewe kabla yangu.
La kwanza la kasisi: lilinuka tumbaku mpaka lilipokufa.
La pili la binamu yangu Ketill, mchuuzi wa samaki,
sina haja ya kueleza.
La tatu lilikuwa na kibanio cha nywele chini ya kiti,
chekundu, cha mtoto nisiyemjua,
nami nikakiacha palepale miaka kumi na mmoja
kama mpangaji aliyekuta msumari ukutani.

Kwa hiyo, mwaka niliostaafu kugawa barua hapa Akureyri,
nilikwenda kwa Hreinn, muuza magari,
nikamwambia: nataka ambalo halijazaliwa.

Akanipa vibati vya rangi, kila kimoja sawa na ukucha wa dole gumba.
Nikachagua kijani cha chupa ya zamani.
Viti vya kitambaa. Usukani wenye joto, ndiyo,
vidole hivi vimebeba barua za watu
majira ya baridi thelathini na manne.
Sahihi hapa. Na hapa.
"Miezi minne," alisema Hreinn, akitazama dirishani.

Ndugu yangu Eyvindur alicheka hadi akakohoa.
Una miaka sitini na minane, Steinvör,
unaagiza kitu ambacho bado ni mawe ardhini?

Mwezi wa tano ikaja barua: kuna kifaa kimekosekana,
kidogo, kinatosha kwenye kijiko cha chai,
na bila hicho kiwanda kizima kimenyamaza.
Mwezi wa nane: limepangiwa wiki.
Mwezi wa tisa: wiki imepangiwa wiki nyingine.
Ngojangoja huumiza matumbo;
langu lilishazoea, likawa linauma kwa ratiba.

Nilinunua mikeka ya mpira, nikailaza chini ya kitanda.
Nilipima mlango wa banda kwa kamba, mara tatu,
kana kwamba banda lingesinyaa.
Januari, jua likichungulia tu na kurudi lilikotoka,
nilisema moyoni: leo huenda wanakunja bati.
Leo huenda rangi inakauka.
Leo yuko mtu huko Ujerumani, amegombana na mkewe,
ana njaa, anakaza skrubu yangu.

Kisha meli. Kisha dhoruba,
meli ikajificha Visiwa vya Faroe siku nne.
Kisha lori, na barabara ya kaskazini ikafungwa kwa theluji.
Kisha simu.

Hreinn alikuwa amelifunika shuka.
Livue upesi, nikamwambia, sikuja mazishini.
Kijani hakikuwa kile. Kilikuwa kizito, cha bwawa.
Nikakisamehe kabla sijakaa.
Dashibodi ikawaka, nikasoma: 7.

Saba nini?
"Kilomita," akasema. "Kutoka kiwandani hadi uwanjani,
uwanjani hadi kwenye treni, kupanda meli, kushuka.
Ni kawaida."
Akarudia, kama daktari: ni kawaida.

Miezi kumi na tisa, na bado nimekuta pameliwa.
Nikafungua boneti ili asiuone uso wangu.
Pembeni, penye giza, palikuwa na alama ya chaki ya njano:
tiki moja, na herufi K.
Hreinn tayari alikuwa na kitambaa mkononi.
"Nifute?"

Nilimshika kiganja.
Nani basi huja duniani
asipite mikononi mwa mkunga?
K aliliona kabla yangu, akaridhika nalo sekunde moja,
akageukia linalofuata.

Nikaondoka polepole, plastiki ya kiti ikilia chini yangu.
Karibu na kanisa lori la kokoto likanipita,
na kitu kikapiga kioo, tik,
kovu dogo, saizi ya ufuta.
Nikasimama kando. Nikatukana kwa sauti, peke yangu,
matusi ya posta, yale ya mbwa na ngazi zenye barafu.
Nilipoinamisha macho,
namba ilikuwa nane.