Nati ya Kushoto Mbele

Machi, langalanga ikaanza huko kwao
nasi tukiwa na joto letu la Changamwe.
Kompresa ilikuwa ikikohoa, na juu yake televisheni
ya inchi kumi na nne, ambayo Msellem aliichukua
badala ya deni la matairi mawili.
Hapo ndipo tulipoufuata msimu ule,
kwa chaki, ubavuni mwa kontena bovu:
Mreno huku, Mfini kule.

Mimi nilikuwa wa Mreno. Sina sababu.
Alikata kona kama fundi cherehani
anayejua kitambaa si chake.
Chivatsi akanicheka: "Mreno?
Babu zetu wamtoe pale Ngomeni kwa jasho la damu,
wewe wamrudisha kwa mlango wa uani?"
Yeye akamchukua Mfini, mtu asiyecheka,
mtu aliyezaliwa, nasema mimi,
ndani ya friji ya samaki.

Ishirini na tano, kumi na nane.
Kumi na nane, ishirini na tano.
Mei walikuwa sawa. Juni wakapishana kwa tatu.
Julai Mreno akaukumbatia ukuta,
mbaazi za Mishi zikanishinda kumeza.
Agosti injini ya Mfini ikatoa moshi mweupe,
nami nikanunua mahamri ya watu wote,
hata ya Chivatsi,
akayala akiwa amenipa mgongo.

Kisha ile duru ya mvua.
Mizunguko michache nyuma ya gari la usalama,
bendera nyekundu, kwisha,
pointi zikakatwa kati kama mkate wa mofa.
Mfini wa kwanza: kumi na mbili na nusu.
Chivatsi akaiandika ile nusu
kubwa kuliko namba zote.
Hatukujua kwamba tutaishi ndani yake
hadi Desemba.

Maana duru ya mwisho ilipofika, kontena lilisema:
Mfini, mia tatu sitini na nne na nusu.
Mreno, mia tatu sitini na nne.
Miezi tisa, ndege kwa ndege, bara kwa bara,
na kinachowatenga hakijazi kisahani cha chai.

Jumapili ile malori yalingoja.
Mfini mbele, Mreno akimnusa kisogoni.
Mzunguko wa thelathini na tisa
Mfini akaingia kubadili matairi.
Gurudumu sisi twalijua.
La trela hutuchukua nusu saa, jeki ikikubali;
wao sekunde mbili, watu ishirini, pumzi moja.
Matatu yakatoka.
La kushoto mbele likakataa.

Sekunde tano. Nane.
Kumi na moja.
Kamera ikamwonyesha aliyepiga magoti
na bunduki yake ya nati,
helmeti imemficha uso, ila mabega niliyajua:
ndiyo yangu mimi, usiku wa lori la saruji pale Mazeras,
nati imekula uzi,
haisikii mafuta, haisikii dua,
na mwenye gari amekusimamia.

Mreno akapita. Bingwa.
Nilifungua mdomo nishangilie, likatoka "pole".
Sijui nilimwambia nani.
Msellem akazima televisheni.
Chivatsi hakuzigusa namba za chaki.

Jumanne ikaingia trela kutoka Malaba,
gurudumu la kushoto mbele, wallahi sitii chumvi.
Chivatsi akachomeka bomba kwenye spana,
akalipanda kwa miguu yote miwili,
akaning'inia kama kanzu kambani.
Saa nzima. Kimya.
Dereva akatema ganda la miraa, akauliza:
"Mimi nilikuwa njiani, jamani.
Ubingwa kauchukua nani?"

Chivatsi hakuinua kichwa.
"Nati," akasema.
"Lete nyundo."