Hodi ya Nne

Swichi ilitoka benki iliyofungwa, mjini Gyumri.
Vardges aliinunua kwa bei ya viatu vya mtumba,
ingali na kibandiko: Tawi la Pili, Usizime.
Ruta mbili, kikongwe na kikongwe mwenzake,
kompyuta iliyopasuka kioo, isiyohitaji kioo.
Rafu ni meza ya cherehani ya marehemu baba,
miguu juu.

Mchana hushona suruali za watu.
Usiku hupanga nyaya nane kwa rangi,
ulimi nje, koleo ikibana,
na feni zavuma hata mkewe Siranush akauliza
kama kuna ndege inatua jikoni.
Lakini soksi zake huzianika hapo hapo,
penye joto.

Kisha Vardges anabisha: hodi.
Kimya.
Hodi. Kimya. Hodi.
Mstaarabu hubisha mara tatu, kisha huenda zake.
Vardges hana pa kwenda; yuko kwake.

Anafumua. Kijani kimekalia kiti cha chungwa.
Fundi nguo mzima, kukosea uzi!
Anacheka peke yake, anakata, anabana upya.

Hodi,
na kutoka upande wa pili wa meza,
umbali wa pima moja na miezi mitano:
karibu.