Alama Moja

Mhina Sekibaha, Kidato cha Tatu B,
dawati la dirishani, upande unaochomwa na jua,
swali la saba aliandika:
"Gesi tunayoitoa tukipumua ni kaboni monoksaidi."
Nikatia kosa kwa kalamu nyekundu.
Alama moja. Nikafunua ukurasa.

Sikumwita. Madaftari yalikuwa sitini na mawili,
na umeme wa Makorora hauna ahadi.

Ningemwambia nini, kama ningemwita?
Kwamba ukaa ni ule ule, wa mkaani na wa masizini,
tofauti ni amefuatana na wangapi.
Mpe hewa ya kutosha, hushika oksijeni mbili,
mkono huu na mkono huu, akatosheka,
akawa mtu wa watu:
ndiye anayeumua maandazi ya mama yako alfajiri,
ndiye anayekupanda puani ukinywa soda kwa pupa,
ndiye aliyegeuza maji ya chokaa kuwa maziwa
siku ile mlipopuliza kwa mrija, mkacheka.
Naye huua, sikufichi. Lakini hupiga hodi.
Akizidi chumbani kifua hukimbia, kichwa hugonga,
mwili mzima huamka kuuliza: Nani?

Sasa mbane. Mnyime hewa,
apate oksijeni moja tu.
Huyo hana harufu, hana rangi, hana hodi.
Jiko likishika utamwona kidogo,
ulimi wa buluu juu ya kaa jekundu:
hapo anaungua, anampata wa pili, anaondoka zake.
Asiyeungua ndiye anayekuingia.
Hukuta damuni kiti cha oksijeni, hukikalia,
hukishika mara mia mbili kuliko mwenye kiti,
na mwenye nyumba anasinzia tu, anaona raha.
Mkaa, ukaa, kukaa.
Lugha ilikuwa inajua. Mwalimu ndiye hakusikia.

Mwezi wa tano, mvua ya siku nne mfululizo.
Alikuwa mlinzi wa ghala la katani, njia ya Pongwe:
kibanda cha bati, mlango mmoja,
kidirisha cha kuchungulia wezi.
Na alisubiri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, alisubiri.
Mkewe, Mwanashehe, alinisimulia msibani,
simu yake ya mwisho ilikuwa saa tano usiku:
"Nimelipepea nje upenuni, sasa halina moshi,
mkaa wote umekuwa mwekundu. Naliingiza."
Kama tulivyofunzwa sote na mama zetu,
kwamba mbaya ni moshi.
Akaziba kidirisha kwa gunia.

Waliovunja mlango walidhani amelala, tena kwa afya.
Mashavu yameiva kama tomondo,
midomo myekundu kuliko ya mtu mzima.
Chai kwenye chupa ilikuwa bado na joto.
Mzee mmoja alisema, mungu kamchukua kwa upole.
Nikanyamaza.
Wekundu ule nilikuwa naujua,
niliutia mimi mwenyewe pembeni mwa swali la saba
na sikuandika neno mbele yake.

Siku hizi kosa hilo silitii kalamu.
Mwenye nalo namwita, tunasimama varandani,
simuulizi gesi. Namuuliza: kwenu mnapikia wapi?
Na mvua ikinyesha?

Leo ilikuwa Hadia, mfupi, soksi zimelegea.
Alitazama mawingu yanayojaa upande wa Duga,
akasema, "Mvua ikinyesha tunaingiza jiko chumbani, mwalimu.
Mdogo wangu anaona baridi.
Ila tunangoja moshi uishe."

Madaftari yalibaki arobaini.
Niliyaacha mezani, nikachukua mwavuli,
nikamwambia anitangulie.