Dirisha la Nne

Saa mbili na nusu nimeshika nafasi ya kumi na saba
ofisi ya vitambulisho, Malindi,
nyuma ya mama aliyebeba kuku kapuni,
na kuku huyo, naapa,
ndiye peke yake asiyenitazama mara mbili.

Kwenye fomu kuna visanduku viwili, Me na Ke,
vidogo kama punje za mchele.
Miaka yangu thelathini na mmoja
imeambiwa iingie kimoja, isichafue ukingo.
Natia alama kwenye Me.
Kitambulisho cha zamani kinasema Ke,
na jina lililo juu yake sitaliandika hapa.

Bi Esha anapandisha miwani.
"Umefanyiwa?"
Swali limekatwa mkia.
Nimefanyiwa nini, Bi Esha?
"Ile kazi. Hospitalini. Niletee barua ya daktari,
yenye mhuri, inayosema umekwisha."

Umekwisha! Kiswahili hiki nacho.
Sijaisha, namwambia. Ndiyo kwanza naanza.

Na lugha hii hii tunayobishania
haijawahi kuniuliza.
Thoya amekuja. Thoya amelala. Mpe maji, ana kiu.
Hiyo a ndogo imenibeba tangu utotoni
bila kunivua nguo.

"Haya, vidole kwanza."
Nabandika gumba kwenye kioo. Taa nyekundu.
Tena. Nyekundu.
Cha shahada. Nyekundu.
Anafuta kioo kwa ncha ya mtandio,
ananibania kidole kama anayejaribu embe.
"Wafanya kazi gani wewe?"
Chumvi. Gongoni. Mwaka wa kumi na mbili.
Maji yale hula ngozi pole pole,
kama riba.

Anavigeuza viganja vyangu, kimoja, kingine.
"Maskini. Chumvi imekufuta."
Kisha, bila kumwita mkubwa wake,
bila barua, bila mhuri,
anaandika: *Hazisomeki, kwa sababu ya kazi.*
"Tunaruhusiwa," anasema. "Tunachukua neno lako."

Neno langu.

Namtazama. Naye anajua ninachokitazama.
Bi Esha, hukuniambia nikapandikizwe ngozi,
nirudi na vidole vya mtu mwingine.
Hukutaka kisu kije kuishuhudia chumvi.
Kiganjani nimeaminiwa;
chini ya mkanda natakiwa shahidi mwenye makasi.

Kisu sikitukani.
Mbeyu alikitaka, akauza minazi yake minane,
akarudi anacheka hadi majirani wakatoka nje.
Kisu chake kilikuwa chake.
Mimi sikitaki, na sababu zangu
si za kusomwa dirishani
mbele ya watu kumi na saba na kuku.

Hawe aliimaliza kesi hii jioni moja.
Alikuwa anachambua mchicha.
Nilikuwa nimesimama mlangoni na kichwa nimekinyoa,
nikisubiri kupigwa.
Hakuinua macho.
"Thoya," akasema, "niletee kuni."
Jina la marehemu mumewe.
Nikaenda nikaleta kuni, nyingi kupita kiasi,
tukapikia siku nne.

Bi Esha anagonga gonga kalamu.
"Sheria sikuitunga mimi."
Najua, mama. Lakini kalamu umeishika wewe.

Feni inazunguka. Mtu anakohoa.
Anaitazama alama yangu kwenye Me,
anauinua ufutio,
anauweka tena chini, karibu na kikombe cha chai.
"Rudi Alhamisi," anasema. "Sikuahidi kitu."
Fomu anaitia kwenye droo yake mwenyewe,
si ile ya wote.

Nje jua limeshapanda kichwani.
Nalamba gumba langu.
Bado lina chumvi.