Jua Halijazi Fomu

Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la posta,
mlango una kitasa kinachong'oka mkononi,
na kazi yangu mimi, Hedley Nancarrow, ni daftari:
nani aingie lini kwenye duara la mawe kumi na tisa
(moja limelala tangu kabla ya babu wa babu yangu),
wangapi, kwa muda gani, na viatu vya aina gani.

Kila mwezi wa tisa huja barua ya Kichaka cha Mwaloni,
wino wa kijani, mwandiko wa Loveday Angwin,
aliyesambaza barua za watu miaka thelathini kwa baiskeli
na sasa ni kuhani wa Wadruidi ishirini na watatu,
ukimhesabu na mbwa.
Anaomba siku nane. Siku zile zile nane,
kama mtu anayedai mshahara.

Namjibu kwa adabu.
Mei mosi, upande wa kusini, haiwezekani:
kipozamataza ametaga majanini,
na sheria inamtambua yeye kuwa mpangaji wa kwanza.
Moto hapana. Mshumaa labda, ndani ya chupa.
Msiegemee jiwe la magharibi; kuvumwani iliyolivaa
huongeza upana wa ukucha kwa umri wa mtu mzima,
na mgongo mmoja wenye koti la sufu
waweza kufuta karne.
Na ile ya Desemba, nikaongeza, inaangukia Jumanne.
Jumamosi haitafaa? Jumamosi nina mlinzi.

Jibu lilifika kesho yake, mstari mmoja:
"Bwana Nancarrow, tumeliuliza jua. Jumamosi halina nafasi."

Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka peke yangu.

Halafu ikaja barua ya pili, ya Wana wa Ukungu,
waliojitenga miaka sita iliyopita
kwa ugomvi wa nani abebe mundu.
Kiongozi wao, Kitto Bolitho, ni mpwa wa Loveday.
Nao wanataka alfajiri hiyo hiyo.
Fahali wawili, zizi moja la mawe:
nikachukua rula, nikaligawa jua.
Ninyi, chomozo. Ninyi, mwanga baada ya dakika ishirini.
Wote wawili wakaniandikia kwamba nimewaonea.

Bima inasema lango lifunguliwe saa tatu.
Jua, kwa jedwali langu, ni saa mbili na dakika kumi na saba.
Nilizunguka na sentensi hizo mbili wiki nzima,
hata mke wangu akauliza nimepoteza nini.
Jumanne nikaamka gizani, nikachukua ufunguo mwenyewe.

Ukungu.
Ukungu mzito wa kuweza kuukata kwa kisu,
mawe yakawa watu, watu wakawa mawe.
Saa mbili na dakika kumi na saba hapakuchomoza kitu,
ila weupe uliongezeka weupe kidogo.
Rula yangu ikawa kijiti.
Nani wa kundi gani, hakuna aliyejua;
nilisikia kikohozi, nikasikia mtu akisema "shangazi,"
na kifuniko cha chupa ya chai kikifunguliwa,
na kimya kirefu ambacho sikujua nikiweke wapi.

Ripoti niliijazia garini, vidole vimekufa ganzi.
Waliohudhuria: thelathini na wanne.
Uharibifu: hakuna.
Takataka: ganda la chungwa, moja, nimeliokota.
Hali ya mawe: kama yalivyokuwa.
Kuhusu jua, fomu haina kisanduku.

Loveday akaja akichechemea, goti lake la baiskeli,
akagonga kioo. "Na mwakani?"
Nikalifungua daftari juu ya boneti.
Mwakani ni Jumatano. Sikutaja Jumamosi.
Karatasi ilikuwa imelowa, penseli ikateleza bila alama,
nikamwazima kalamu yake
ya wino wa kijani.